Kicheza muziki chenye hifadhi zaidi ya moja: ununue kipi ili nyimbo zako zikae pamoja

Chukua albamu yenye diski mbili. Diski ya kwanza uliinakili kwenye hifadhi ya ndani ya kicheza muziki chako wakati bado ina nafasi, na ya pili, kwa kuwa nafasi ilikuwa imekwisha, ukaiweka kwenye kadi ya memori. Ukifungua menyu ya folda unakuta folda mbili zenye jina lilelile katika sehemu mbili tofauti. Wimbo wa mwisho wa diski ya kwanza ukiisha, kifaa kinanyamaza badala ya kuendelea na diski ya pili, na orodha ya nyimbo uliyoitengeneza kwenye kompyuta inadai kwamba nusu ya nyimbo hazipo. Hakuna kilichoharibika. Kifaa kina hifadhi mbili, kila moja ina mfumo wake wa mafaili, yaani namna yake ya kuyapanga na kuyaorodhesha, na kwa msikilizaji hizo ni maktaba mbili.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kununua kifaa, au kukiongezea hifadhi alicho nacho, ili mkusanyiko wake wote uonekane kama kitu kimoja. Nimezipanga njia tano, kuanzia ile ninayoipendekeza bila kusita hadi ile ambayo ningemsihi rafiki aiache. Mpangilio wangu umejengwa juu ya jambo moja nililolifikia baada ya kupoteza muziki wangu mwenyewe: kinachofaa kuunganishwa ni katalogi ya nyimbo, na diski zenyewe ni heri zibaki mbalimbali.

Kuunganisha kunakozungumzwa na wauzaji

Neno "kuunganisha" hutumiwa kwa mambo matatu yasiyofanana, na mnunuzi asiyeyatofautisha huishia kulipia asichokihitaji. La kwanza hufanyika chini kabisa, kwenye diski: chipu ndogo huzipanga kadi kadhaa mfululizo na kuiambia kompyuta kwamba hiyo ni diski moja kubwa. Kadi ya pili huanzia pale ya kwanza ilipoishia, na juu ya urefu wote huo huwekwa mfumo mmoja wa mafaili. La pili hufanyika kwenye mti wa folda: kila kadi hubaki na mfumo wake, ila ile ya pili hupachikwa ndani ya ya kwanza na kuonekana kama folda ya kawaida. La tatu hufanyika kwenye katalogi: programu ya kifaa husoma lebo zilizomo ndani ya kila faili, yaani jina la msanii, albamu, namba ya diski na namba ya wimbo, kisha huonyesha orodha moja bila kujali faili limekaa wapi.

Ile albamu yenye diski mbili huponywa kikamilifu na muungano wa aina ya tatu, mradi lebo zake ni safi. Aina ya kwanza nayo huiponya, lakini kwa gharama nitakayoieleza nikifika kwenye bodi za kadi nne.

Kabla ya lolote, pima mkusanyiko wako. Muziki wa MP3 wa kilobiti 320 kwa sekunde hula takriban megabaiti 144 kwa saa. Muziki wa CD ambao haujabanwa hula kama megabaiti 635 kwa saa, na FLAC, aina ya faili inayobana muziki bila kupunguza ubora wake, kwa kawaida huupunguza hadi kati ya nusu na theluthi mbili ya kiasi hicho. Kwa hesabu ya megabaiti 400 kwa saa, kadi ya terabaiti moja hubeba saa zipatazo 2,500 za FLAC, ambazo ni zaidi ya siku mia moja za kusikiliza usiku na mchana. Hesabu hubadilika sana kwa wale wanaokusanya rekodi za ubora wa juu, za biti 24 na kilohezi 96, kwa maana kabla ya kubanwa rekodi hizo ni kubwa zaidi ya mara tatu kuliko za CD. Kumbuka pia kwamba kadi iliyoandikwa gigabaiti 512 huonekana kwenye kompyuta nyingi kama 476 hivi, kwa sababu mtengenezaji huhesabu kwa elfu na kompyuta huhesabu kwa 1,024. Hujaibiwa kitu hapo.

Nafasi ya kwanza: kadi moja kubwa inayobeba kila kitu

Jibu bora kwa walio wengi ni kuondoa tatizo lenyewe. Nunua kadi moja ya microSD inayotosha mkusanyiko wote na nafasi ya kukua, weka nyimbo zote humo, na hifadhi ya ndani uiachie programu ya kifaa. Kadi za terabaiti moja zimekuwa sokoni tangu mwaka 2019, na kiwango cha SDXC kinaruhusu kadi ya hadi terabaiti 2, kwa hiyo ile sababu ya zamani ya kugawa muziki kwenye kadi tatu haipo tena kwa watu wengi.

Faida zake ni rahisi kuziona. Njia za mafaili, yaani anwani za folda faili lilimo, hazibadiliki, orodha za nyimbo hufanya kazi popote kadi inapokwenda, na kifaa kikifa unaitoa kadi na kuichomeka kwenye kingine. Nakala ya akiba nayo ni ya mara moja: folda moja kwenye kompyuta, kadi moja kwenye kifaa.

Mtego uko kwenye fomati, yaani aina ya mfumo wa mafaili uliowekwa kwenye kadi. Kadi yoyote inayozidi gigabaiti 32 huuzwa ikiwa na exFAT, ilhali vicheza muziki vingi vya zamani na baadhi ya vipya vya bei ndogo vinaifahamu FAT32 peke yake. Kwenye vifaa kama hivyo kadi huonekana kana kwamba ni mbovu. Mara nyingi dawa ni kuifomati upya kwa FAT32, lakini kifaa cha kufomatia kilichozoeleka cha Windows kwa muda mrefu kilikataa kutengeneza FAT32 inayozidi gigabaiti 32, kwa hiyo utahitaji programu nyingine ya kufomatia. FAT32 ina mpaka wake: faili moja haliwezi kufikia gigabaiti 4. Kwa wimbo mmoja mpaka huo hauna maana, ila rekodi ndefu ya tamasha ambayo haijabanwa, iliyohifadhiwa kama faili moja, inaweza kuugonga.

Kabla ya kulipa, muulize muuzaji maswali mawili na usiridhike na jibu la "inakubali kadi kubwa": je, kifaa kinasoma exFAT, na katalogi yake inapokea nyimbo ngapi? Swali la pili husahaulika, nalo ndilo linaloumiza. Katalogi nyingi husomwa kutoka kwenye RAM, kumbukumbu ya muda ya kifaa, na kifaa chenye RAM ndogo kinaweza kuikubali kadi kubwa bila shida kisha kikashindwa kuorodhesha nyimbo zilizomo.

Nafasi ya pili: kifaa chenye hifadhi mbili na katalogi moja

Kama mkusanyiko wako hauenei kwenye kadi moja, au tayari una kadi mbili za ukubwa wa kati na huoni sababu ya kuzitupa, tafuta kifaa ambacho programu yake huzisoma hifadhi zote na kuonyesha orodha moja ya wasanii na albamu. Vicheza muziki vingi vya sasa vyenye hifadhi ya ndani na tundu moja la kadi hufanya hivi. Vyenye matundu mawili ni vichache, na vingi ni vya miaka iliyopita: FiiO X5 ya kwanza haikuwa na hifadhi ya ndani bali matundu mawili ya microSD, iBasso DX80 nayo ina matundu mawili, na FiiO X5 ya kizazi cha tatu iliyaunganisha matundu mawili na hifadhi ya ndani ya gigabaiti 32. Hivi leo utavipata zaidi kwa watu wanaouza vilivyotumika, kwa hiyo betri ndiyo ya kukagua kwanza.

Naipenda njia hii kwa sababu ya jinsi inavyoharibika. Kadi moja ikifa, nyingine haijui kwamba kuna msiba. Unapoteza nusu ya nyimbo, unanunua kadi moja, unarudisha nusu hiyo kutoka kwenye nakala ya akiba, na jioni unasikiliza kama kawaida.

Jaribio la dukani lichukue dakika kumi. Nenda na kadi yenye albamu moja uliyoigawa makusudi, nyimbo tano za kwanza uzinakili kwenye hifadhi ya ndani na zilizobaki uziache kwenye kadi, kisha agiza kifaa kisome maktaba upya. Fungua menyu ya albamu. Ukiona albamu moja yenye nyimbo zote kwa mpangilio wake, kifaa kinafaa. Ukiona jina la albamu mara mbili, angalia kwanza lebo zako, hasa lebo ya msanii wa albamu, maana nafasi moja iliyozidi mwishoni mwa jina hutosha kuigawa albamu. Lebo zikiwa safi na bado albamu ni mbili, basi katalogi ya kifaa hicho imetenganisha hifadhi, na hakuna mpangilio utakaokusaidia.

Uliza pia kinachotokea kadi inapochomolewa na kurudishwa. Kuna vifaa vinavyofuta sehemu hiyo ya katalogi na kuisoma upya kuanzia mwanzo, na kwa nyimbo elfu ishirini kungoja huko huchosha.

Nafasi ya tatu: Rockbox

Rockbox ni programu huria inayochukua nafasi ya ile ya kiwandani kwenye vicheza muziki vingi. Mradi wenyewe ulianza mwaka 2001. Inafaa kwa mtu mwenye kifaa kama SanDisk Sansa Clip+ au Fuze, vyenye hifadhi ya ndani na tundu la microSD, au xDuoo X3 yenye matundu mawili, na asiyeona tabu kujifunza menyu mpya.

Ndani yake muungano unafanyika mara mbili. Kwenye mti wa folda, kadi hujitokeza kama folda iliyo kwenye mzizi, yaani ngazi ya juu kabisa, wa hifadhi kuu, ikiwa na jina kama microSD1 lililofungwa kwa alama za pembe. Unaingia, unatoka, unanakili kutoka upande mmoja kwenda mwingine bila kutoka kwenye mti huohuo. Juu ya hapo kuna katalogi inayosoma lebo kutoka hifadhi zote, na unaweza kuchagua folda zipi zisomwe na zipi ziachwe, jambo lenye manufaa kwa mtu aliyechanganya muziki na mafunzo ya lugha au vitabu vya kusikiliza.

Orodha za nyimbo ndizo zitakazokusumbua, na inafaa nieleze kwa kirefu kidogo kwa sababu nimeona watu wakilaumu kadi isiyo na hatia. Faili la m3u ni orodha ya njia, mstari kwa mstari. Ukiitengeneza kwenye kompyuta kwa kadi iliyo kwenye kisomea kadi, mstari unaoanza na alama ya mkwaju humaanisha mzizi wa kadi. Ukiirudisha kadi kwenye kifaa, mstari uleule sasa unamaanisha mzizi wa hifadhi ya ndani, ambako wimbo huo haupo. Tengeneza orodha zako kwa njia za kulinganisha, zinazoanzia pale lilipo faili la orodha, na uliweke faili hilo kwenye hifadhi ileile yenye nyimbo zake. Orodha inayochanganya nyimbo za hifadhi zote mbili itengeneze ndani ya kifaa chenyewe, kwa kuwa hapo Rockbox itaandika njia kamili pamoja na jina la kadi.

Rockbox husoma FAT32 na haisomi exFAT, kwa hiyo niliyoyasema juu ya kufomati yanarudi hapa kwa nguvu zaidi. Tangazo la Clip+ lilitaja kadi za hadi gigabaiti 32, lakini kubwa kuliko hizo zikifomatiwa kwa FAT32 hufanya kazi. Nimeiweka ya tatu kwa sababu inadai mkono wa mtumiaji, ingawa kwa uwezo inazishinda programu nyingi za kiwandani.

Nafasi ya nne: bodi inayogeuza kadi nne kuwa diski moja

Huu ndio muungano wa diski kwa maana yake kamili. iPod ya kizazi cha tano iliyotoka mwaka 2005 na iPod Classic ya mwaka 2007 zilikuwa na diski ngumu ndogo ya inchi 1.8. Diski hiyo huondolewa na mahali pake huwekwa bodi ya kadi. iFlash Quad hupokea kadi nne za microSD na kuzionyesha kama diski moja, kwa hiyo kadi nne za gigabaiti 512 huwa kama diski ya terabaiti mbili. Kwa mtazamo wa msikilizaji ni raha tupu: folda moja, katalogi moja, hakuna kadi inayoonekana popote.

Nilikuwa nayo, na niliipenda. Kadi ya tatu ilipokufa, iPod ilianza kujizima na kujiwasha yenyewe, na kompyuta ikataka kuifomati diski yote. Nikafungua kasha, nikachomoa kadi moja baada ya nyingine na kuziingiza kwenye kisomea kadi. Ya kwanza ilionyesha majina ya folda zangu zote, na kwa dakika moja nilidhani nimepona, ila mafaili mengi hayakufunguka. Ya pili na ya nne zilikuwa nzima kabisa, lakini kompyuta ilisema hazina fomati. Ndivyo inavyokuwa pale ramani ya mafaili yote inapokaa mwanzoni mwa kadi ya kwanza ilhali nyimbo zenyewe zimesambaa mbele yake kwenye kadi zote. Kadi nne zilizounganishwa hivi zina nafasi nne za kufa, na kifo cha yeyote kati yao huondoka na mkusanyiko mzima.

Ukiamua kuichukua njia hii, andika namba kwenye kila kadi kwa kalamu isiyofutika kabla ya kuiweka, kwa maana kubadilisha mpangilio wa kadi huvuruga diski nzima hata kama zote ni nzima. Nunua kadi zote nne za aina moja. Weka nakala ya akiba ya muziki wote kwenye diski ya kompyuta, na ukiwa huna diski ya kutosha kwa nakala hiyo, usinunue bodi hii.

Kuhusu iPod yenyewe, angalia mambo mawili. Toleo la kizazi cha tano la gigabaiti 30 lina RAM ya megabaiti 32, na lile kubwa la gigabaiti 60 au 80 lina megabaiti 64, tofauti inayoamua ni nyimbo ngapi programu ya kiwandani itaziorodhesha. Pili, iPod Classic za mwaka 2007 na 2008, zikitumia programu ya kiwandani, hazivuki gigabaiti 137 za kadi, kwa kuwa hutaja sekta za diski, yaani vipande vyake vidogo, kwa namba za biti 28, ambazo huishia hapo. Toleo la mwaka 2009 halina kizuizi hicho. Kwa nje zinafanana sana, kwa hiyo soma namba ya modeli ndani ya menyu ya kifaa, usitegemee ile ya mgongoni wala maelezo ya muuzaji.

Mwenye kuhitaji iPod lakini si terabaiti mbili, achukue bodi ya kadi moja. Atapata utulivu wa nafasi ya kwanza ndani ya kifaa hichohicho.

Nafasi ya tano: kadi iliyomezwa na Android

Android 6.0 ya mwaka 2015 ilileta uwezo wa kuigeuza kadi kuwa sehemu ya hifadhi ya ndani. Kwenye vicheza muziki vinavyotumia Android jambo hili husikika kama jibu tunalolitafuta, na watu huvutwa nalo.

Kwanza, si kila mtengenezaji ameuacha uwezo huo wazi. Pili, kwa upande wa muziki haujumlishi kitu: folda za mtumiaji hukaa upande mmoja kwa wakati mmoja, kwenye hifadhi ya asili au kwenye kadi, kwa hiyo ukizihamishia kwenye kadi ya gigabaiti 256 unabaki na gigabaiti 256 za muziki na programu zimegawanyika. Tatu, na hili ndilo lililoiweka mwisho, kadi hufungwa kwa fumbo ambalo ufunguo wake umo ndani ya kifaa. Huwezi kuichomeka kwenye kompyuta ukaongeza nyimbo. Kifaa kikiharibika au kikirudishwa katika hali ya kiwandani, ufunguo hupotea, na kadi nzima yenye nyimbo nzima haifunguki tena. Kwenye kifaa cha Android iache kadi iwe ya kuhamishika, kisha chagua programu ya muziki inayosoma hifadhi zote, na utakuwa umerudi kwenye nafasi ya pili.

Kadi yenyewe

Uamuzi wowote utakaofanya, kadi ndiyo itakayokutupa au kukubeba, na kadi bandia ni nyingi. Kadi bandia huandikwa gigabaiti 512 kwa nje, ndani ikawa na 32, na chipu yake imefundishwa kudanganya. Hupokea nyimbo zote bila kulalamika, kisha zile zilizovuka uwezo halisi hupotea au huandikwa juu ya nyingine, na mwenye kadi huona nyimbo zinazokwaruza au kuruka na kudhani kicheza muziki ni kibovu. Ijaribu kwa H2testw ukiwa na Windows au F3 ukiwa na Linux au Mac: programu hizi huijaza kadi hadi ukingoni, kisha husoma tena kila kilichoandikwa na kulinganisha. Kwa kadi kubwa kazi hiyo huchukua saa nyingi. Iache ifanyike usiku kucha, siku ileile uliyoinunua, wakati risiti bado ina nguvu na kabla hujanakili humo wimbo hata mmoja.